Mtoto Anapogeuza Kichwa

Mtoto afikapo miezi minne hivi huanza kuuona ulimwengu. Mlango ukilia, kuku akipita uani, redio ikifunguliwa, huliachia ziwa akageuka. Na mara nyingine hugeuka bila kuliachia, maumivu ambayo akina mama hawahitaji kuelezwa. Hapo husemwa kalikataa ziwa, au maziwa yamekwisha, na uji huletwa kabla ya wakati wake. Twasema mtoto huyo hana kasoro: macho na masikio yake yamepevuka. Mama na ajitenge naye katika chumba chenye kiza kidogo, au amnyonyeshe akiwa na usingizi. Maadamu uzito unaongezeka na anakojoa kama kawaida, asipewe kingine. Shirika la Afya Duniani hushauri maziwa ya mama pekee hadi miezi 6.

Lakini faragha hiyo ataipata wapi mwenye kuuza sokoni, mwenye kungoja boti gatini, au karani wa ofisini? Tunawaomba wakuu wanaohusika watenge japo chumba kimoja kila mahali hapo. Nafasi ya kuegesha magari hupangwa kabla ya tofali la kwanza. Hiki chataka pazia na mkeka tu.