Masisi na Walikale: Nguruwe wageni hupigana, harufu inaweza kuwatuliza

Vita vimemaliza mifugo mingi katika teritware za Masisi na Walikale. Mwaka 2025 mapigano yalifika Masisi-centre mwezi wa Januari, kisha Walikale-centre mwezi wa Machi. Kwa familia inayoanza tena kufuga, nguruwe ni mnyama wa haraka: jike hubeba mimba miezi 3, wiki 3 na siku 3, na anaweza kuzaa watoto 8 na zaidi. Akiuzwa mmoja, minervali ya mtoto inalipwa.

Shida ni kwamba anayeanza upya hununua mmoja huku, mwingine kule. Nguruwe wasiojuana wakitiwa katika zizi moja hupigana ili ijulikane nani mkubwa, hasa katika siku 2 za kwanza. Wanaumana masikio na mabega. Vidonda vinatunga usaha, na yule mnyonge anafukuzwa kwenye chakula hadi anakonda.

Nguruwe hutegemea sana pua kumtambua mwenzake. Wataalamu huita feromoni zile harufu ambazo mnyama hutoa na ambazo hubadilisha mwenendo wa wenzake. Mwaka 1988, watafiti John McGlone na Julie Morrow wa Marekani walionyesha kwamba androstenoni, harufu iliyo katika mate ya nguruwe dume, ilipunguza mapigano kati ya nguruwe wachanga. Mwaka 2002, utafiti mwingine wa McGlone ulijaribu harufu iliyotengenezwa kwa kuiga ile ya ngozi ya matiti ya mama. Watoto walioachishwa kunyonya walikula zaidi na kuongezeka uzito.

Dawa za namna hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya mashamba makubwa, lakini somo lake halihitaji chupa. Watoto wa mama mmoja wakae pamoja, maana harufu zao zinajulikana. Wageni wachanganywe jioni, wakiwa wameshiba, katika zizi pana lenye nyasi kavu. Chakula kiwekwe sehemu mbili au tatu, na mbao chache zisimamishwe ili mnyonge apate pa kujificha.

Kuna hatari nyingine kuliko meno. Homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa, na inaweza kumaliza zizi zima kwa siku chache, ingawa haiambukizi watu. Mnyama aliyenunuliwa anaweza kuingia nayo. Kwa hiyo mgeni akae peke yake siku 30 hivi kabla ya kuchanganywa. Nyasi za kulalia zisitoke kwa jirani, hata kama ni kwa kuzoeza harufu, na mabaki ya chakula yachemshwe vizuri.

Mfugaji anayevumilia mwezi huo mmoja hupunguza hatari ya homa kuingia zizini. Akichanganya taratibu baada ya hapo, anapunguza vidonda pia.