Kiazi Kilichoshinda Vyakula Vyote

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Mhusika wake mkuu ni kiazi mviringo, hiki hiki mnachokimenya jikoni, na mambo yake yalitokea kweli katika jiji la Sydney, nchini Australia. Naisimulia kwa sababu najua wapo kati yenu wanaotaka kupunguza mafuta mwilini, na najua wanavyofanya. Asubuhi wanaacha chai. Mchana wanashindia maji. Jioni mikono inatetemeka na kichwa kinagonga, na usiku, watu wakishalala, wanafunua sufuria ya wali uliobaki na kuukomba mpaka ukoko. Kukicha wanajilaumu, wanaanza tena kujinyima. Inaniuma kuona mtoto akipigana na tumbo lake namna hiyo, ilhali tumbo halina kosa lolote.

Basi, huko Sydney, katika chuo kikuu cha jiji hilo, alikuwapo mtafiti aitwaye Susanna Holt. Yeye na wenzake walitaka kujua jambo ambalo kila mama mwenye watoto wengi na unga kidogo amewahi kuliwaza: ni chakula kipi kinachoshibisha na kukaa tumboni? Wakaandaa vyakula 38, wakavipima mpaka kila sahani ikawa na nguvu sawa, kalori 240.

Hapo kwenye kalori tusimame kidogo. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo ndani ya chakula, nguvu unayoitumia kukimbia, kusoma, hata kulala, maana moyo haupumziki. Ukila nguvu nyingi kuliko unayoitumia, mwili hautupi ziada. Huiweka akiba, kama mkulima anavyojaza ghala msimu wa mavuno, na akiba hiyo ndiyo mafuta. Ukila pungufu kidogo ya unachotumia, mwili hufungua ghala na kuchota. Lakini njaa ikizidi hakuna anayeweza kuvumilia siku nyingi, awe mtoto au mtu mzima. Kwa hiyo swali la Holt linatuhusu sana: sahani mbili zikiwa na nguvu sawa, ni ipi itakayomfanya mtu asitafute nyingine?

Watu walifika asubuhi wakiwa hawajala kitu tangu usiku. Kila mmoja alipewa chakula kimoja, akala, kisha kwa saa 2 akawa anaulizwa kila baada ya dakika 15 ameshiba kiasi gani. Baadaye waliruhusiwa kujipakulia vyakula vingine kadiri walivyotaka, na watafiti wakapima kila walichokula. Mkate mweupe ndio uliofanywa kipimo, ukapewa alama 100. Kilichoshibisha kuliko mkate kilipata zaidi, kilichoshindwa nao kilipata pungufu.

Matokeo yakachapishwa mwaka 1995. Mkiani kabisa lilikuwa kruasani, andazi la Kifaransa linalojaa siagi, alama 47. Keki ilipata 65, donati 68. Mayai yalipata 150, maharage 168, machungwa 202, samaki 225. Na juu ya vyote, kikiviacha vingine mbali, kikakaa kiazi cha kuchemsha, alama 323.

Kiazi! Chakula ambacho wengi wanaotaka kupungua hukikimbia, wakisema ni wanga na kinanenepesha.

Sasa tegeni sikio, hapa ndipo hadithi inaponoga. Katika vyakula vile 38 kiazi kilikuwamo tena, kikiwa kimekaangwa. Chipsi. Nazo zilipata alama 116 tu. Ni zao lile lile, limetoka shambani kule kule. Kilichobadilika ni karai.

Siku moja simameni kando ya muuza chipsi, mbali kidogo msije mkarukiwa na mafuta, mtazame vipande vinapoingia. Mafuta yanapiga kelele, mapovu yanapanda kutoka kila kipande, mvuke unafuka. Wengi hudhani mafuta ndiyo yanayochemka. La, yale mapovu ni maji ya kiazi yanayokimbia. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 80. Moto unayageuza kuwa mvuke, yanatoka, na mafuta yanashika nafasi. Kelele zikianza kupungua, ujue maji yamepungua pia. Muuzaji anapoziopoa zikiwa na rangi ya dhahabu, gramu 100 za chipsi zina kalori kama mara 3 ya gramu 100 za viazi vya kuchemsha. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu ya wanga au ya protini ina 4, na maji hayana hata moja.

Ndiyo sababu kalori 240 za viazi vya kuchemsha ni sahani iliyojaa, inayomchosha mtu kutafuna, na kalori 240 za kruasani zinaisha kwa kuuma mara chache. Watafiti walipopanga vyakula vyao waliona hivyo hivyo: vilivyoshibisha vilikuwa vizito kwenye sahani, vyenye maji mengi, nyuzinyuzi na protini. Vyenye mafuta mengi vilishibisha kidogo.

Tukirudi jikoni kwetu, naona bibi zetu wa pwani walikuwa na jibu zamani. Samaki wa chukuchuku, aliyechemshwa kwa ndimu, chumvi, nyanya na pilipili, ni chakula bora kwa mtu anayetaka kupungua kuliko hicho kinachouzwa kwenye makopo yenye picha ya kiuno chembamba. Vivyo hivyo maharage, kunde, choroko na dagaa. Hivi vina protini, na protini inakaa tumboni muda mrefu. Tena ina kazi nyingine: mtu anapopungua bila kula protini ya kutosha, mwili hauli mafuta peke yake, unakula na misuli. Dagaa wa kukausha hawana bei ya kutisha. Waoshwe vizuri, wapikwe kwa nyanya na kitunguu, bila kuogeleshwa kwenye mafuta.

Mafuta yenyewe si adui, mwili unayahitaji. Ila yanaingia chunguni bila kujulikana. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 14 hivi, kama kalori 120. Ili upate kalori hizo kutoka kwenye mchicha uliochemshwa, ungehitaji kula zaidi ya nusu kilo. Sasa mtu anaunga mchicha wake kwa kumimina moja kwa moja kutoka kwenye kidumu, vijiko vinne vitano vinapita, kisha anashangaa kwamba anakula majani na hapungui. Mimina kwa kijiko. Kwa mboga ya watu wanne, vijiko viwili vinatosha kukaanga kitunguu. Nazi nayo ina mafuta mengi, na wapishi wanajua tui la kwanza ni zito na la pili ni jepesi. Maharage yakipikwa kwa tui la pili yanabaki matamu. Karanga na parachichi ni vyakula vizuri sana kwa afya, lakini ni vya kiganja kimoja, si vya bakuli.

Ugali je? Kuleni. Ukipata dona, ni bora kuliko sembe, kwa kuwa dona lina pumba na kiini chake, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi. Kinachohitaji kubadilika ni sura ya sahani: mboga ya majani ijae upande mmoja, maharage au samaki upande wa pili, ugali uchukue nafasi iliyobaki. Wengi wetu tunafanya kinyume, mlima wa ugali na mboga ya kuchovya tu.

Kitu ambacho ningewaomba mkiache bila majadiliano ni soda ya kila siku. Chupa ya kola ya mililita 300 ina gramu zipatazo 30 za sukari, na baada ya kuinywa njaa yako iko pale pale, kwa sababu kinywaji kitamu hakishibishi kama chakula cha kutafuna. Chungwa zima lina utamu wake pia, lakini limefungwa ndani ya maji na nyuzinyuzi. Ndiyo maana kule Sydney lilipata alama 202. Likamuliwe, lichujwe, liongezwe sukari, limekwisha kuwa ndugu wa soda.

Kuna hadithi ya pili, nayo ni ya Sydney pia. Ruben Meerman na Andrew Brown wa Chuo Kikuu cha New South Wales waliwauliza madaktari, wataalamu wa lishe na walimu wa mazoezi swali jepesi: mtu akipungua, mafuta yake yanakwenda wapi? Wengi walijibu kwamba yanageuka kuwa nguvu au joto. Wawili hao wakapiga hesabu, wakaichapisha mwaka 2014: kati ya kilo 10 za mafuta zinazotumika mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa hewa ya kaboni dioksaidi, na kilo 1.6 zilizobaki hugeuka kuwa maji. Tunapumua mafuta yetu, wanangu.

Nimewaambia hayo ili asije mtu akawadanganya. Kujifunga nailoni tumboni na kukimbia juani kunatoa maji na chumvi, na ukinywa bilauri mbili uzito unarudi. Chai za kupunguza tumbo nyingi zina majani ya sena, ambayo yanaharisha. Kinachotoka ni maji na choo. Maji ya ndimu ni mazuri kwa kiu, hayayeyushi kitambi. Hakuna chakula kinachounguza mafuta ya mwili, kuna vyakula vinavyokushibisha mapema, nawe ukala kidogo bila kuteseka.

Ninyi wa miaka 12 hadi 17 nina neno lenu peke yenu. Mwili wenu bado unajengwa. Msichana anapovunja ungo, nyonga na mapaja yake huongezeka mafuta. Huo ni ukuaji, si ugonjwa, na asimruhusu mtu yeyote amwaibishe kwa hilo. Mvulana naye anaweza kunenepa kidogo kabla hajarefuka ghafla. Hata mtoto ambaye kweli uzito wake umezidi, mara nyingi mtaalamu wa lishe hamwambii apungue kilo. Humsaidia uzito usimame pale ulipo huku urefu ukiendelea kupanda. Kwa hiyo kabla ya kujinyima chochote, mwambie mama, baba au mlezi wako, mwende wote kituo cha afya ukapimwe urefu na uzito kulingana na umri wako. Na ukijikuta unawaza chakula kutwa, unaogopa kula mbele za watu, au unajitapisha, usikae na jambo hilo peke yako hata siku moja. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Hilo linatibika.

Asubuhi kuleni. Kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha, yai na kipande cha papai vinawafikisha mchana bila kuvizia kibanda cha maandazi. Siku moja moja andazi halina neno, ni la kufurahia na chai, lisiwe ndilo kifungua kinywa cha Jumatatu mpaka Jumapili.

Na pilau ya harusi? Nilijua mtauliza. Pilau italiwa. Anzeni na kachumbari, ijae nusu ya sahani, kisha nyama, kisha pilau yenyewe. Kuleni taratibu huku mkizungumza na jirani, maana tumbo huchelewa kupeleka habari kichwani, yapata dakika 20. Shangazi akija na upawa kukuongezea nawe umeshiba, mshukuru kwa adabu, umwombe akufungie kidogo ukale kesho mchana.