CHUMBA CHA MWANAFUNZI KAMPALA: TUPELELEZE KWANZA, TULIPE BAADAYE

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Agosti, mabasi yaondokayo Koboko na Arua kwenda Kampala huwa yamejaa vijana waendao kuanza masomo ya chuo kikuu. Magodoro, masanduku na mabeseni hupakiwa, na wazazi husimama kando wakitoa maneno ya mwisho. Wengi wa vijana hao ni watoto wetu sisi maaskari na polisi. Baba huenda yuko kazini Karamoja au ng'ambo ya mpaka, mama amebaki kambini na wadogo, na kijana ambaye labda hajapata kuvuka daraja la Karuma anatarajiwa ajichagulie mahali pa kulala katika mji asioujua.

Ada ya masomo tunaijadili kwa miezi. Tunakopa Wazalendo SACCO, wenzetu polisi wanakopa Exodus, tunauza ng'ombe na tunawaomba ndugu. Lakini fedha ya chumba mara nyingi hutolewa kwa siku moja, kwa simu, kwa mtu tusiyemjua. Hapo ndipo hatari ilipo. Tunapenda kuwakumbusha maafande, wapiganaji na wake zao kwamba kanuni tunayoifuata vitani yafaa pia kwa jambo hili: askari haingii mahali asipopapeleleza. Chumba cha kushirikiana hakichaguliwi kwa bei peke yake. Huchaguliwa kwa kutazama ardhi kilipo, lango lake, na watu watakaolala ndani yake.

KWA NINI MABWENI HAYATOSHI

Makerere ilianzishwa mwaka 1922, na kwa miongo mingi mwanafunzi aliyekubaliwa hapo alipewa pia kitanda katika bweni: Lumumba, Mary Stuart, Livingstone, Mitchell, Nkrumah, Nsibirwa, Africa na mengineyo. Wazee wetu waliosoma enzi hizo hawakujua dalali wa vyumba. Mambo yalibadilika mapema miaka ya 1990, chuo kilipoanza kupokea wanafunzi wengi wanaojilipia. Idadi ya wanafunzi ilipita idadi ya vitanda, na wenye mali wakajenga hosteli Kikoni, Nakulabye na Wandegeya. Hali ni hiyo hiyo kandokando ya Chuo Kikuu cha Kyambogo, ambako wanafunzi hupanga Banda na Kireka, na huko Nakawa na Kansanga pia.

Hata kijana aliyepata nafasi ya serikali kwa mgawo wa wilaya asidhani kwamba kitanda kinamngoja bwenini. Wapo wanafunzi wa serikali wanaopewa posho ya kuishi nje, nao hutafuta chumba kama wengine. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi liulizwe katika ofisi ya mlezi wa wanafunzi wa chuo chenyewe: je, mtoto wangu amepewa bweni? Kama hakupewa, ni hosteli zipi ambazo chuo kinazitambua? Swali hilo halina malipo.

TAZAMA ARDHI

Basi litokalo Arua hupita Bombo, Matugga, Kawempe na Bwaise, na hukaribia Makerere kabla halijafika katikati ya mji. Kwa sababu hiyo wazazi wengi wa West Nile huvutwa na vyumba vya upande huo. Si vibaya, lakini Bwaise iko bondeni, na wakati wa mvua maji huingia majumbani. Chumba kilichotazamwa mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, hakisemi ukweli wote. Waulize majirani maji hufika wapi mwezi wa Aprili na wa Mei. Alama ya maji ukutani haidanganyi.

Wengine huwapeleka watoto wao kwa jamaa walioko Bombo ili kuokoa kodi. Bombo ni zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, na msongamano wa magari wa Kawempe hauna huruma. Mwanafunzi mwenye kipindi cha saa mbili asubuhi atatoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Nauli ya kila siku, pamoja na saa zilizopotea barabarani, huenda zikapita kodi iliyookolewa. Piga hesabu ya muhula mzima kwanza, ndipo uamue.

Njia itembewe kwa miguu mara mbili: mchana, na tena usiku saa ambayo maktaba hufungwa. Kuna taa? Kuna vichaka? Ni mbali kiasi gani kutoka barabara kuu hadi langoni? Kwa mzazi mwenye binti maswali haya ni ya lazima. Kisha muulize mlinzi anafunga lango saa ngapi, na funguo za vyumba vyote anazo nani. Mwenyekiti wa LC1 wa mahali hapo na polisi wa kituo cha karibu, kama kile cha Wandegeya, wanajua nyumba zenye wizi na nyumba zenye amani. Sisi tulio kazini hatuna sababu ya kuona haya kuwauliza wenzetu.

MOTO NA MAKAA

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Sisi Waganda tulipata msiba wetu tarehe 14 Aprili 2008, moto ulipowaua wasichana wadogo bwenini katika shule ya msingi ya Buddo. Moto huanza kwa sababu mbalimbali, lakini vifo huongezeka kwa sababu moja: watu hawawezi kutoka.

Kwa hiyo mkaguzi wa chumba asitazame rangi ya ukuta. Ahesabu milango ya kutokea. Ajaribu kama vyuma vya dirisha vinafunguka kutoka ndani. Kama ngazi ni moja tu na hosteli ina ghorofa nne, afikirie wanafunzi wote wakishuka kwa pamoja katika moshi. Atazame nyaya za umeme, na kama majiko ya umeme huunganishwa vyumbani hovyo. Na kila mwanafunzi ajue kwamba namba ya polisi ya dharura ni 999 au 112.

Yapo pia mauaji yasiyo na mwako. Vijana wetu wamezoea sigiri, na usiku wa baridi wengine huiingiza chumbani baada ya kupika, wakafunga mlango na kulala. Makaa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki. Mtoto aambiwe jambo hili kabla hajapanda basi: sigiri hukaa nje, hata kama inaonekana imezimika.

MKATABA NA FEDHA

Tuchukue mfano. Chumba kinatozwa shilingi 1,200,000 kwa muhula. Wakikaa wawili, kila mmoja atatoa 600,000. Wakikaa watatu, 400,000. Mzazi huona nafuu ya shilingi 200,000 na kufurahi. Lakini lipo swali ambalo wengi hawaulizi: je, mwenye nyumba anakodisha kitanda, au anakodisha chumba? Akikodisha kitanda, mwenzi akiondoka katikati ya muhula hasara si ya mtoto wako. Akikodisha chumba kizima, waliobaki watadaiwa fungu la aliyeondoka. Kati ya wawili, 600,000 inageuka 1,200,000 kwa usiku mmoja, na simu inakupigia wewe uliye mpakani.

Jibu la swali hilo liandikwe. Kwa wanaopanga nyumba ya kawaida, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Hata pale kiasi ni kidogo, karatasi ni kinga. Iandikwe kodi ni ya muhula au ya mwezi, likizo inahesabiwa au haihesabiwi, maji na umeme vinalipwa na nani, na amana ya uharibifu inarudishwa lini. Kama mita ni ya Yaka na inatumiwa na vyumba kadhaa, iandikwe pia namna ya kugawana, kwa maana mwenye jiko la umeme na mwenye taa moja hawatumii sawa.

Fedha isitumwe kwa simu kwa mtu aliyeonyesha picha tu. Wapo matapeli ambao hukodisha chumba kimoja kwa watu watano, kisha huzima simu. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai, na polisi msomaji wetu anaijua kesi hiyo vizuri. Lakini anajua pia kwamba mshtakiwa akipatikana, fedha mara nyingi huwa imekwisha kuliwa. Lipa baada ya kuona, lipa kwa mwenye mamlaka, chukua stakabadhi.

MWENZI WA CHUMBA

Kodi ikiwa nzuri na lango likiwa imara, bado limebaki jambo lililo kubwa kuliko yote: nani analala kitanda cha pili? Sisi tulioishi katika mahanga ya jeshi tunajua kwamba mtu mmoja mchafu, mlevi au mdokozi anaweza kuharibu usingizi wa kikosi kizima. Chumbani hakuna sajini. Wawili au watatu hao watajitawala wenyewe.

Vijana wetu hupenda kukaa na mtu wa nyumbani: Mlugbara na Mlugbara, Mkakwa na Mkakwa. Tunaelewa sababu. Mtu akiugua usiku wa manane, faraja ni kusikia lugha ya mama yake, na wazazi wa pande zote mbili hujuana. Lakini kabila si tabia. Jeshini kijana wa Koboko hulala kando ya kijana wa Kisoro, nao huaminiana kwa maisha yao. Ulizeni kwanza tabia: analala saa ngapi, anasoma kwa kelele au kwa kimya, anaswali alfajiri, anakunywa pombe, analeta wageni? Anayejibu kwa uwazi afadhali kuliko ndugu anayeficha.

Wageni ndio chanzo cha magomvi mengi. Huko Mlimani, Dar es Salaam, wanafunzi wana neno lao, kubebana, maana yake ni mwenye kitanda kumlaza mwenzake asiye na nafasi. Ni huruma njema, nasi hatuilaumu. Lakini mgeni wa siku tatu akigeuka wa muhula mzima, chumba cha wawili kinakuwa cha watatu, maji yanapungua, na kitu kikipotea hakuna ajuaye wa kumuuliza. Wenye chumba wakubaliane tangu siku ya kwanza: mgeni hulala siku ngapi, chakula kinanunuliwa vipi, nani anafagia lini. Makubaliano hayo yaandikwe na kubandikwa nyuma ya mlango, kama zamu za ulinzi zinavyobandikwa kambini.

LILILO MIKONONI MWETU

Huenda msomaji akasema: mimi niko Arua, nitapelelezaje Kampala? Jibu ni kwamba hakuna kazi nyingine nchini yenye watu kila mahali kama kazi yetu. Kila kikosi kina mwenzetu aliyehamishiwa Kampala. Mwombe afande huyo siku moja ya mapumziko yake. Mpe maswali yaliyomo katika makala haya, akatembee mchana na usiku, akupigie simu akiwa amesimama langoni. Naye akiwa na mtoto anayekwenda Chuo Kikuu cha Muni hapa Arua, wewe umfanyie vivyo hivyo, kwani vyumba vya hapa navyo vina milango, nyaya na madalali.

Mzazi anayeweza kusafiri na mtoto wake wiki mbili kabla ya masomo kuanza, na asafiri. Nauli ya kwenda na kurudi ni ndogo kuliko kodi ya chumba kilichokimbiwa. Asiyeweza, asione haya kuomba msaada. Mtoto tuliyemlea kambini, aliyesoma kwa taa ya mafuta na kufaulu, asije akashindwa masomo kwa sababu ya usingizi, wizi au moshi.

Shime, wapiganaji. Agosti haiko mbali. Tupeleleze kwanza, tulipe baadaye.