Chanjo ya mbwa wako ni kinga ya mtoto wa jirani

Ukipita asubuhi katika mitaa ya Moshono, Sakina au Ngaramtoni jijini Arusha na viunga vyake, hutakosa kumwona mbwa amelala getini baada ya kukesha akilinda nyumba. Kwenye migomba na kahawa kuelekea Mlima Meru ni hivyo hivyo: mbwa huongozana na watoto hadi mtoni, na wengine hufuata mifugo malishoni.

Mbwa huyo ana mwenyewe, lakini kwa maisha yake ni wa mtaa mzima. Akifunguliwa jioni, hupita kwa jirani kutafuta makombo, hucheza na watoto na kugombana na wenzake jalalani. Kwa hiyo afya yake si ya mwenye mbwa peke yake. Wataalamu huita mtazamo huu Afya Moja: afya ya mnyama, ya binadamu na ya mazingira haziwezi kutenganishwa.

Kichaa cha mbwa bado kinaua

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na ugonjwa huu, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Virusi hukaa kwenye mate. Huingia kwa kuumwa, kukwaruzwa au kulambwa penye kidonda. Dalili kwa binadamu huchukua kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu, ingawa zinaweza kuwahi au kuchelewa: homa, kuwashwa au ganzi palipo jeraha, kuchanganyikiwa na kuogopa maji. Zikishaanza, ni nadra sana mtu kupona. Lakini chanjo ikitolewa mapema na kwa ukamilifu, ugonjwa huzuilika. Mwaka 1885 huko Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa. Hakuugua.

Mtoto akiumwa

Mzazi, anza kwa kumpa mtoto nafasi ya kusema. Watoto wengi huficha kidonda kwa kuogopa kuchapwa, hasa kama walikuwa wakimchokoza mbwa. Mwambie leo, kabla hajaumwa, kwamba akija kusema hatapigwa.

Osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Usipake pilipili, mafuta, unga wa kahawa wala dawa za majani. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Si kila zahanati huwa na chanjo hii, hivyo ukiambiwa haipo, uliza ilipo na uende bila kusubiri kesho. Kidonda kikiwa kirefu au kipo usoni, daktari anaweza kuongeza sindano ya kinga kwenye jeraha. Maliza dozi zote hata kama kidonda kimekauka.

Mbwa naye asiuawe kwa hasira iwapo anaweza kufungiwa salama. Mtaalamu wa mifugo atamwangalia kwa siku 10. Akibaki mzima, daktari atajua kwamba hakuwa akiambukiza alipouma. Lakini mtoto asisubiri siku hizo 10 ndipo aanze chanjo.

Sufuria la mbwa nalo ni suala la afya

Katika jamii za wafugaji kaskazini mwa nchi yetu kuna ugonjwa mwingine unaopitia kwa mbwa. Kondoo au mbuzi anapochinjwa, mapafu au ini lenye vifuko vya maji hutupiwa mbwa likiwa bichi. Ndani ya vifuko hivyo mna viluwiluwi vya tegu. Tegu hukua kwenye utumbo wa mbwa, na mayai yake hutoka na kinyesi na kushika kwenye manyoya. Mtoto akimshika mbwa kisha akala bila kunawa, anaweza kuota vifuko hivyo kwenye ini au mapafu, vikakua kwa miaka bila kujulikana.

Kinga yake ni rahisi: zika au choma viungo vyenye vifuko, mpe mbwa nyama iliyopikwa, mpatie dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari wa mifugo, na wazoeze watoto kunawa mikono.

Kazi ya mtaa mzima

Mbwa mmoja aliyechanjwa hulinda nyumba moja. Ili ugonjwa ukatike, WHO inataka angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe wamechanjwa. Linawezekana hapa kwetu. Kuanzia mwaka 1996, mbwa wa vijiji vya Wilaya ya Serengeti walichanjwa kwa kampeni. Kichaa kikapungua kwa mbwa, na watu waliofika hospitali wakiwa wameumwa na mbwa waliodhaniwa kuwa nacho nao wakapungua. Kuua mbwa wazururaji hakusaidii, kwa sababu nafasi yao hujazwa na wengine wasiochanjwa.

Septemba 28 kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini usingoje tarehe hiyo. Muulize ofisa mifugo wa kata yako chanjo inatolewa lini, mpeleke mbwa wako kila mwaka na utunze kadi yake pamoja na kadi za kliniki za watoto. Ukienda, mpitie jirani. Kama hana kamba ya kumfungia mbwa wake, mwazime yako.