Msako na Taharuki: Kumsoma Kongowea kwa Jicho la Mpelelezi

Mtahiniwa, huenda umewahi kufichwa chini ya dawati kitabu cha upelelezi wakati wa somo jingine. Usione haya. Ujuzi uliokufanya usiweze kukifunga kitabu hicho ndio unaohitajika katika Karatasi ya Tatu unapoulizwa kuhusu taharuki.

Upelelezi katika Kiswahili

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituletea Bwana Msa, mvuta kiko anayefumbua mafumbo, katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960). Baadaye Elvis Musiba wa Tanzania akamuumba jasusi Willy Gamba katika *Kufa na Kupona* (1974). Wa kwanza hutumia akili zaidi. Wa pili hukimbizana na maadui. Hata hivyo, riwaya zote mbili zina mifupa mitatu: swali, dalili zinazotolewa kidogo kidogo, na jibu linalocheleweshwa.

Je, *Siku Njema* ni riwaya ya upelelezi?

La. Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma, hakuweka jasusi wala bastola mkononi mwa shujaa wake. Lakini riwaya hiyo ya 1996 ina mifupa iyo hiyo. Kongowea Mswahili ni kijana wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarab. Mama anafariki, baba hamjui. Anafunga safari kuingia Kenya kumtafuta, na msako unamfikisha Kitale. Jasusi hutumwa na serikali. Kongowea hatumwi na mtu. Siri anayoitafuta ni yake mwenyewe: mimi ni mwana wa nani? Akikosea njia, hakuna ofisi ya kumwokoa. Ndiyo maana tunamhofia.

Wewe unayepanda matatu Bungoma, ukapita Webuye, Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale, huenda huoni ajabu yoyote katika barabara hiyo. Kwa kijana aliyetoka pwani kumtafuta mtu asiyeijua hata sura yake, mji huohuo ni fumbo.

Kosa linalowapotezea wengi alama

Swali: *Eleza jinsi mwandishi alivyojenga taharuki.*

Jibu dhaifu: "Kongowea alizaliwa Tanga. Mamake alifariki. Alisafiri hadi Kenya kumtafuta babake. Hii ni taharuki."

Huo ni muhtasari. Mtahini anaijua hadithi. Anataka kuona kama unajua *jinsi* ilivyojengwa.

Jibu bora: "Mwandishi anajenga taharuki kwa usimulizi wa nafsi ya kwanza. Msimulizi anatufungulia mambo kwa utaratibu alioyapitia, kwa hivyo Kongowea anapoanza safari bila kumjua babake, nasi hatumjui. Msomaji anabaki akijiuliza: je, atampata? Akimpata, atapokelewa?"

Tazama tofauti. Jibu la pili limetaja mbinu, limetoa mfano, kisha limeonyesha athari kwa msomaji.

Hatua nne za kufuata

1. Taja swali ambalo msomaji anabaki nalo.
2. Onyesha kinacholichelewesha jibu: umbali, ugeni, kikwazo njiani au habari isiyokamilika.
3. Taja mbinu inayosaidia, mfano usimulizi wa nafsi ya kwanza, mbinu rejeshi au sadfa.
4. Eleza jibu linapopatikana, na linambadilisha mhusika vipi.

Usichanganye taharuki na sadfa. Sadfa ni mambo mawili kugongana bila kupangwa. Taharuki ni hamu na wasiwasi wa kujua kitakachofuata. Sadfa yaweza kuimaliza taharuki au kuizidisha.

Zoezi

Chagua sura moja ya riwaya. Isome ukiwa na kalamu, na kila unapotamani kufungua ukurasa unaofuata, weka alama. Kisha rudi nyuma ujiulize: ni neno gani, au kimya gani, kilichonisukuma? Andika hoja tano. Usitegemee muhtasari wa rafiki, maana anayekuambia mwisho wa msako amekunyima kitu kilekile unachoulizwa ukieleze.