Shinikizo la juu la damu la mapafu na uzito wa mwili

Shinikizo la juu la damu la mapafu ni hali ambayo shinikizo huzidi kiasi ndani ya ateri zinazopeleka damu kutoka moyoni hadi mapafuni. Kwa mujibu wa miongozo ya Ulaya ya mwaka 2022, mtu ana hali hiyo ikiwa wastani wa shinikizo hilo, akiwa amepumzika, unazidi milimita 20 za zebaki. Kipimo cha kawaida cha mkononi hakiwezi kuionyesha. Dalili zake ni kuishiwa pumzi, uchovu, kuzimia na kuvimba miguu.

Sababu

Miongoni mwa sababu zake ni magonjwa ya upande wa kushoto wa moyo, VVU, kichocho na makovu yanayoachwa na kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha kwenye miteremko ya Kilimanjaro, imehudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926. Mgonjwa aliyepona kifua kikuu anaweza kubaki na mapafu yaliyoharibika.

Uzito na uhai

Unene huongeza kazi ya moyo na huweza kukatiza pumzi usingizini. Hata hivyo, tafiti kadhaa zimeona kwamba wagonjwa wanene kiasi waliishi muda mrefu kuliko wembamba. Tafiti nyingine hazikuona tofauti hiyo, na unene uliokithiri umehusishwa na vifo zaidi kwa wagonjwa wasio wazee.

Maelezo yanayotolewa ni haya: moyo unaposhindwa kazi, mgonjwa hukosa hamu ya kula na misuli yake hupungua, hivyo wembamba huweza kuwa matokeo ya ugonjwa uliokwisha kukomaa. Tena mtu mnene huweza kuishiwa pumzi mapema, akapimwa mapema. Kwa hiyo matokeo hayo si ushauri wa kunenepa.

Kuongezeka uzito ghafla, kwa mfano kilo 2 katika siku chache, mara nyingi ni maji yaliyojaa mwilini wala si mafuta. Ndiyo sababu wagonjwa wengi hushauriwa kujipima kila asubuhi na kumwarifu daktari.

Dawa za kupunguza uzito nazo zimewahi kuleta ugonjwa huu. Aminorex, iliyozuia hamu ya kula, ilisababisha wagonjwa wengi Uswisi, Austria na Ujerumani katika miaka ya 1960. Fenfluramine iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1997.

Mwinuko

Oksijeni ikipungua, ateri za mapafu hujibana na shinikizo hupanda. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, lakini kilele cha Uhuru kina mita 5,895, ambako kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani. Hata mpandaji mwenye afya anaweza kujaa maji mapafuni. Tiba ya kwanza ni kumshusha haraka na kumpa oksijeni. Mwenye ugonjwa huu hushauriwa asipande.