Safari ya Gofu Isiwe Safari ya Mtu Mmoja



Shule zikikaribia kufungwa, mazungumzo ya safari huanza majumbani mwetu. Zamani safari ya familia ilikuwa ni kwenda kuwazuru jamaa Lamu, Malindi au Vanga. Siku hizi limeingia jambo jingine, nalo ni mchezo wa gofu. Wako akina baba na vijana wetu waliojifunza mchezo huu kazini ama masomoni, nao hutamani siku chache za kucheza, huku mke na watoto wakitembea kuona mandhari na magofu ya kale. Twaona azma hiyo ni njema. Ni mchezo unaomtembeza mtu mwendo mrefu kwa miguu, na Pwani yetu imejaaliwa viwanja na mandhari ambayo wengine hutoka mbali kuja kuyatazama.

Hata hivyo, kabla ya kuulizana "twende wapi?", lipo swali la kutangulizwa: safari hii ni ya nani?

Mama mmoja alitujia baada ya darsa, akatueleza habari za safari yao. Alisema, "Sheikh, mimi sikusafiri. Nilihamisha jiko." Mumewe alikodi nyumba karibu na kiwanja, akawa huondoka asubuhi na kurudi alasiri akiwa hoi. Yeye alipika, akafua na kuwachunga watoto mchana kutwa, asione kitu ila kuta za nyumba ya watu. Hatudhani mume yule alikusudia kudhulumu. Aliipanga safari yake vyema, ila ya wenziwe hakuipanga.

Chanzo cha matatizo kama haya aghalabu ni saa. Kiwanja kamili cha gofu kina mashimo 18, na kuyamaliza huchukua saa nne hadi tano. Anayeanza saa tatu asubuhi atamaliza mchana jua likiwa kali, na hadi aoge na ale, siku ya familia imekwisha. Lakini anayeomba nafasi ya saa kumi na mbili na nusu, mara baada ya kupambazuka, huwa amemaliza kiasi cha saa tano. Watoto watakuwa wameamka, wamekula na kuogelea, na yeye atawakuta kabla ya Adhuhuri. Tena si lazima kucheza mashimo yote: tisa huchukua kama saa mbili na nusu hivi. Kwa safari ya siku tano, rai yetu ni siku mbili za gofu, tena zisifuatane, na siku tatu zisizoguswa na mchezo.

Ama mahali, Mwenyezi Mungu ametukunjulia. Mjini Mombasa ipo klabu kongwe iliyoanzishwa mwaka 1911, yenye mashimo tisa yanayotazama bahari, si mbali na kivuko cha Likoni. Nyali upo uwanja wa mashimo 18. Kusini, Diani, upo uwanja wa Leisure Lodge. Kaskazini, kati ya Mtwapa na Kilifi, upo uwanja wa Baobab wa Vipingo Ridge, mahali palipokuwa mashamba ya katani. Hapo Vipingo ndipo yalipofanyika mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open mwaka 2019. Mwaka 2023 kombe lilichukuliwa na Aditi Ashok wa India, na mwaka 2024 na Shannon Tan wa Singapore. Twayataja haya kwa sababu baadhi ya mabinti zetu hudhani mchezo huu ni wa wanaume peke yao. Binti anayependa anaweza kufundishwa akiwa amejisitiri vyema, na baba atakayempeleka kwenye sehemu ya mazoezi saa moja ya jioni atakuwa amempa zawadi atakayoikumbuka.

Uzuri wa kuchagua Vipingo ni kwamba njia nzima ya kaskazini ni madrasa ya historia yetu. Ukishavuka daraja la Mtwapa, upande wa bahari, kuna Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 ulioachwa na wenyewe. Kuta za nyumba na misikiti zingali zimesimama chini ya miti, na msikiti mmoja uko ukingoni kabisa mwa bahari. Mbele zaidi, juu ya mlango wa bahari wa Kilifi, kuna magofu ya Mnarani yenye msikiti na kaburi la mnara. Kisha kuna Gede, karibu na Watamu, pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Gede ina msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Mwaka 2024 mji huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, kama ilivyokuwa Fort Jesus mwaka 2011. Mtoto akiusoma mwaka wa Hijria juu ya jiwe la kaburi, hataambiwa na mtu kwamba wazee wake hawakujua kusoma wala kujenga, akakubali.

Anayechagua kusini naye hatakosa. Diani, mto Mwachema unapoingia baharini, upo msikiti wa kale wa Kongo, uliozungukwa na mibuyu, nao ungali unaswaliwa. Siku ya pili familia yaweza kuteremka hadi Shimoni, kwenye mapango yanayohifadhi kumbukumbu chungu za biashara ya watumwa, kisha kuvuka kwa mashua hadi Wasini. Huko kisiwani kuna njia ya mbao ipitayo juu ya matumbawe na mikoko, inayosimamiwa na wanawake wa hapo wenyewe. Ada mnayolipa kuingia huwafaa akina mama wenzenu.

Msimu nao una hukumu yake. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa safi. Ndio wakati wa mashua na watoto. Kusi ikivuma bahari huchafuka na mwani hujaa ufukweni, na masika ya Aprili hadi Juni huvifanya viwanja vitote. Lakini miezi ya baridi, Julai na Agosti, hewa ni nzuri kwa mcheza gofu na kwa mtembezi wa magofu. Atakayesafiri Agosti basi aegemee zaidi kwenye nchi kavu, atakayesafiri Disemba aegemee baharini, na nafasi aziombe mapema kwa kuwa watu huwa wengi.

Tukija kwenye matumizi, gofu si mchezo wa bei rahisi. Kuna ada ya kiwanja, ya kukodi fimbo, na ujira wa kijana anayebeba mkoba. Yaandikwe yote, na kando yake iandikwe fedha ya familia: viingilio, nauli, mashua, na chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Hili la mwisho wengi hulipuuza, nalo ndilo linalomtoa mama jikoni. Ikiwa fedha haitoshi kwa yote mawili, basi ipunguzwe raundi moja ya gofu kabla ya kupunguzwa siku ya mama kupumzika. Na safari isiyowezekana ila kwa mkopo, heri ingojee mwaka mwingine.

Pigeni simu klabuni kabla ya kulipa. Ulizeni kama wageni wasio wanachama hupokewa siku hiyo, na ni mavazi gani yanayotakiwa, kwani viwanja vingi hudai shati lenye kola. Ulizeni pia kama familia ina mahali pa kukaa mbali na penye vileo, na kama pana pahali pa kuswalia. Mwenye kucheza naye ajihadhari na wale wanaowekeana fedha kwa kila shimo. Mchezo ukishatiwa dau umegeuka kamari.

Mwisho ni swala. Wengi hudhani kila safari huruhusu kupunguza. Kwa madhehebu ya Imam Shafi tunayoyafuata wengi wetu hapa Pwani, masafa yanayoruhusu ni kilomita 80 na kitu. Kutoka Mombasa, Vipingo na Diani hayafiki masafa hayo, kwa hivyo mtu ataswali kamili na kila swala kwa wakati wake. Gede na Malindi yamepita. Naye aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi hapo alipokaa. Na siku ya Ijumaa isiwekwe gofu itakayoingia katika wakati wa khutba.

Basi wiki hii, baada ya Isha, kaeni pamoja na karatasi moja. Zigawanyeni siku, na kila mtu, hata mtoto mdogo, ataje jambo moja analotaka kuliona. Mama na aanze kusema, na la kwake liandikwe juu. Baba ataandika saa zake za gofu katika nafasi zitakazobaki, na tuna yakini atazipata za kumtosha.

Mwenyezi Mungu awajaalie safari za salama na za kheri. Amin.